Sebule ya Magome

Mwalimu wenu aliniomba niwaandikie machache kuhusu kazi ya kupamba nyumba kwa mbao, magome na ukindu, akasisitiza yawe ya kuwatia moyo. Nimekaa na kalamu siku kadhaa nikiyatafuta hayo ya kutia moyo na sikuyaona. Basi nitawaandikia yaliyopo, nanyi mtachukua la kuchukua.

Wengi wenu mnanijua. Mimi ndiye yule anayeketi kwenye gogo nje ya karakana yenu, na kila mnapoanza kupiga randa anahama, upepo ukigeuka naye anageuka. Mnaniamkia shikamoo kama mnavyomwamkia babu, nami naitikia marahaba, lakini sijafika miaka hamsini. Kilichonizeesha ni vumbi la mninga. Vumbi la mbao nyingine unalipiga chafya likaisha. La mninga ni laini kama poda, lina harufu nzuri, na likiingia kifuani linakaa humo kama mgeni asiyejua kuaga. Fungeni kitambaa puani. Sisi tuliwacheka waliofunga kitambaa, tukawaita mabibi arusi. Mabibi arusi hao wanapumua vizuri mpaka leo.

Hilo ndilo fundisho langu la kwanza, na pengine ndilo lenye faida kuliko yote. Yanayofuata yanahusu kazi ambayo sina hakika kama mtapata wa kuwaagiza.

Nilisoma mpaka darasa la kumi. Zamani zile aliyefika huko alikuwa na kiti kinachomngoja katika ofisi fulani, na baba yangu, mkulima na mzee wa kanisa la Kimoraviani, alikwisha kuwatangazia waumini wenzake kwamba mwanawe atakuwa karani. Siku moja nikapita Ng'ambo, hapa Tabora, katika uchochoro wa mafundi, nikakutana na harufu. Kulikuwa na ua ambamo gogo la mninga lilikuwa linapasuliwa kwa msumeno wa watu wawili, mmoja juu ya jukwaa, mwingine chini shimoni, na unga mwekundu ukimmwagikia wa chini kichwani. Nilisimama mlangoni mpaka mwenye ua akaniona.

"Unatafuta mtu?"

"Hapana, mzee. Nasikia harufu tu."

"Basi vuta. Harufu hatuuzi."

Kesho yake nikarudi, na keshokutwa. Mwishowe akanipa ufagio. "Wanasema wewe una darasa la kumi," akasema. "Fagia, tuone kama masomo yanafika mpaka pembeni."

Huyo ndiye Fundi Mahona. Alikuwa mfupi, mwenye mikono mirefu, na jicho moja lililokuwa dogo kuliko jingine kwa kupimia mstari. Baba yake alikuwa mpagazi katika misafara ya zamani. Alibeba pembe za ndovu kutoka hapa Unyanyembe hadi pwani na kurudi na marobota ya nguo, na wakati wa kupumzika safari alikuwa mrina asali. Huko pwani aliona milango yenye nakshi na masanduku yenye misumari ya shaba, akarudi nayo kichwani kwa kuwa mabega yalikuwa yamejaa. Akamfundisha mwanawe yote mawili: urembo aliouona pwani, na magome ya msituni ambayo Wanyamwezi wanatengenezea mizinga ya nyuki na vilindo, yale masanduku ya mviringo ambamo mama zetu waliweka nafaka na nguo za heshima. Mahona akavichanganya. Aliweza kukuwekea ndani ya chumba kimoja dari ya mninga, mlango wenye maua ya kuchonga, ukuta wa magome na mikeka ya ukindu, na ukiingia husemi hiki kimetoka pwani na hiki kimetoka porini. Unasema tu, hapa nitakaa.

Sijawahi kuona tena chumba cha namna hiyo, na nimezunguka. Nimefanya kazi Kigoma na Ujiji, nimefanya Itigi, nimefika Mwanza. Nina miguu ambayo haikubali mahali, kila nikizoea mji nafunga sanduku la zana. Kote nilikokwenda nilikuwa natafuta kile chumba, na kote nilipewa kuta nyeupe na viti vya chuma.

Nirudi kwenye mbao. Mahona alikuwa akisema kwamba mti haufi siku unapokatwa. Unakufa polepole, kwa misimu miwili ya mvua, na wakati wote huo unajikunja na kujinyoosha kama mtu mwenye homa. Kazi yako ni kuungoja. Panga mbao kivulini, weka vijiti kati ya ubao na ubao ili hewa ipite, paka nta kwenye ncha zisipasuke, kisha zisahau. Kijana asiyejua kusahau asinunue mninga.

Mimi sikujua. Nilipokwenda kijiji cha Choma mara ya kwanza, kwenye nchi ya wafugaji, katekista mmoja aliniagiza kabati la kuwekea nguo za arusi ya binti yake. Nikatumia mbao mbichi kwa kuwa yeye alikuwa na haraka na mimi nilikuwa na sifa. Lilikuwa kabati zuri, milango ilifungana kama midomo. Mvua ikanyesha siku nne mfululizo kabla ya arusi, milango ikavimba, na asubuhi ya arusi ikakataa kufunguka. Bibi arusi ndani ya kanga, gauni ndani ya kabati, na padri anangoja.

"Fundi," mama wa bibi arusi akaniambia, "umetengeneza kabati au jela?"

Wajomba wakalivunja kwa shoka. Nilisimama pale nikisikia kila pigo. Nyinyi mnacheka, nami nilicheka baadaye, lakini nilipomsimulia Mahona yeye hakucheka. Alisema, "Limevunjwa kwa kosa ulilolijua. Omba Mungu usivunjiwe kwa kosa usilolijua." Sikuelewa. Nilidhani kosa usilolijua ni la wajinga.

Basi niwaambie jinsi Mahona alivyovunjiwa.

Miaka ile treni ilikuwa imeanza kutuletea vitu. Vitanda vya chuma vilivyopakwa rangi, viti vya mabomba, na mbao laini za kiwandani zisizo na nyuzi wala harufu, unazipigilia ukutani kama unavyobandika tangazo. Karakana za Ng'ambo zilianza kufungwa moja moja. Jirani yetu aliyekuwa fundi wa milango akawa muuza vibiriti. Kwa Mahona tulikuwa tumebaki watatu: yeye, mimi, na Ramadhani, fundi wa kuchonga, mtu wa maneno mengi. Kulikuwa na wiki nzima ambazo tulinoa patasi ambazo hazikuwa zimetumika.

Ndipo akaja Bwana Seif. Alikuwa mfanyabiashara wa mjini, Mwarabu wa hapa hapa, mnene na mcheshi, na alikuwa amejenga nyumba ya wageni karibu na stesheni kwa ajili ya abiria wanaongoja treni ya Kigoma au ya Mwanza.

"Fundi Mahona," akasema kabla hata ya kukaa, "nataka sebule ambayo abiria akiingia anasahau kama treni inaondoka."

"Akiisahau treni utamlisha wewe, Bwana Seif."

"Na ndiyo biashara yenyewe, mzee wangu!"

Wakacheka wakapigana viganja. Kisha Bwana Seif akainama akasema kwa sauti ya chini kwamba kuna Mzungu anayesimamia nyumba za wageni kandokando ya reli, kutoka hapa hadi ziwani. Nyumba hizo zote zilikuwa zitengenezwe upya ndani. Mzungu huyo alikuwa amekubali kuja kuiona sebule ikimalizika, na akiipenda ataagiza zote zifanywe namna hiyo, na mafundi wake watatoka Ng'ambo.

Bwana Seif alipoondoka, Mahona alikuna goti. Halafu akatuambia, "Hii tukiipata, ua huu haufungwi mimi nikiwa hai, wala nyinyi mkiwa hai. Tukiikosa, Ramadhani, kajifunze kuuza vibiriti."

"Mimi niuze vibiriti?" Ramadhani akajibu. "Kwa mdomo huu nitauza mpaka moto wenyewe."

Tulianza kiangazi kikiwa kimekaza. Dari tuliifanya ya mninga ambao Mahona aliuhifadhi tangu nikiwa mfagiaji, mbao pana zenye mawimbi ya kahawia na dhahabu. Tulizisugua kwa majani ya msasa, yale yanayokwaruza kama ulimi wa paka, kwa sababu Mahona aliamini karatasi ya dukani inachuna ubao lakini jani linausugua. Madirisha akayachonga Ramadhani kwa nakshi ya matundu. Mikeka ya ukindu ilisukwa na mke wa Mahona na dada zake, mweusi na mwekundu, rangi zote za mizizi.

Ukuta ndio uliotushinda mwanzoni. Gome la miti kama mtundu au myombo hubanduka vizuri mvua zikianza, mti ukiwa na maji. Kiangazi gome limeng'ang'ania, ukilitoa linakuja vipande. Bwana Seif hakuweza kungoja mvua. Mahona akafikiri, kisha akasafiri upande wa Usinge, kwa warina asali anaowajua, akarudi na gari la ng'ombe limejaa mizinga ya zamani, ile ya magome, iliyokwisha kazi yake. Tukaipasua, tukailoweka, tukailaza chini ya mawe mpaka ikanyooka. Na hapo tukaona jambo ambalo hatukulitegemea. Upande wa ndani, ambako nyuki walikaa miaka mingi, gome lilikuwa limeiva kwa nta na moshi na ile gundi nyeusi wanayozibia nyufa. Lilikuwa na rangi ya kahawa, linang'aa bila kupakwa kitu. Mahona alilipapasa kwa kiganja chote, akaamua upande huo ndio utazame chumbani.

Jambo la pili lilikuwa nafasi. Msibandike kamwe ubao wala gome juu ya ukuta wa udongo au wa saruji. Pigilieni papi kwanza, zile fito nyembamba za mbao, muache nafasi ya kiganja, hewa ipite, mchwa waonekane, unyevu usipande. Mahona alilishika hilo kama sala, na sebule ile tuliiachia nafasi nzuri ajabu, yenye matundu madogo juu chini ya dari.

La tatu ni nta. Kwa kawaida tuliyeyusha nta ya nyuki pamoja na mafuta ya taa ndipo tukapaka mbao. Bwana Seif akaja siku ya kupaka, akanusa.

"Sebule yangu isinuke koroboi, mafundi. Nataka inuke kama nyumba ya mtu aliyebarikiwa."

Mahona akakubali. Tukayeyusha nta tupu, ile ya manjano, bado ina utamu wa asali ndani yake, tukapaka dari, madirisha na papi zote. Chumba kikanukia. Watu walipita barabarani wakasimama, kama mimi nilivyosimama siku ile mlangoni.

Nyinyi mnaotoka Kaliua na Sikonge, watoto wa warina asali, bila shaka mmekwisha kuona. Warina wote hupaka nta ndani ya mzinga mpya ili kuwaita nyuki. Mtu anachukua gome, analikunja, anaacha tundu dogo juu, anapaka nta, anaupandisha mtini na kungoja. Mahona alifanya hivyo tangu utotoni pamoja na baba yake. Hapakuwa na mtu katika Tabora nzima aliyejua zaidi yake jinsi ya kuwaita nyuki. Na kwa miezi miwili, kwa mikono yake mwenyewe, aliwaita, asijue kwamba anawaita, kwa sababu macho yake yaliona sebule. Ramadhani alizaliwa mjini na mimi nilizaliwa kwenye mahindi. Tulimtazama yeye. Yeye alitazama mistari.

Kazi ikamalizika. Mzungu akachelewa. Bwana Seif akaifunga sebule kwa ufunguo, akakataza mtu yeyote asiingie kuichafua. Ikakaa kimya, ina giza na harufu tamu, wakati ule ule miyombo ilipokuwa inatoa majani mekundu na maua, na nyuki wakihama makundi makundi kutafuta makao.

Mlinzi wa nyumba, Mhehe mmoja mtaratibu, alimwambia Bwana Seif kwamba chumba kinasali.

"Kinasali nini?"

"Sijui, Bwana. Kinanong'ona. Nikiweka sikio mlangoni kinanong'ona."

Bwana Seif akamwambia aache bangi, kisha kwa tahadhari akafukiza ubani barazani. Hayo sisi tulikuja kuyasikia baadaye, wakati hayasaidii.

Siku Mzungu alipokuja tulivaa mashati yaliyofuliwa. Alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye kiko kisichowashwa mdomoni. Kwa kuwa nilisoma, mimi nikawa mkalimani. Akatazama dari kwa muda mrefu. Akauliza majina ya miti, nikamtajia. Akavua viatu kabla ya kukanyaga mikeka, jambo lililomfanya mke wa Mahona, aliyekuwa akichungulia kutoka uani, afunike mdomo kwa upande wa kanga. Kisha akasema neno, na Mahona akanivuta shati.

"Anasemaje?"

"Anasema nyumba nyingi za nchi hii akiingia anaona ofisi. Hii akiingia anaona nchi."

Mahona akatazama chini. Nilimfahamu miaka mingi na ile ndiyo mara pekee niliyomwona akikosa pa kuweka mikono.

Mzungu akauliza kama ukuta ni imara. Nikamwambia ni imara. Akaukaribia, akakunja kidole, akaugonga, kama mtu anayejaribu mtungi sokoni kabla ya kununua. Ngo, ngo.

Ukuta ukamjibu.

Ilianza kama mtu anayevuta pumzi ndefu. Mahona aliinua kichwa na uso wake ukawa wa majivu. "Nzuki," akasema kwa Kinyamwezi, polepole, kama mtu anayetaja jina la ndugu aliyemsahau. Halafu akapaza sauti. "Msipige mikono! Tokeni taratibu! Taratibu!"

Nani atatoka taratibu? Walimwagika kutoka yale matundu tuliyoyaacha kwa ajili ya hewa. Bwana Seif, pamoja na unene wake, alipita dirishani, akaondoka na ubao mmoja wa nakshi ya Ramadhani shingoni. Ramadhani alikimbia akiita majina ya masharifu. Mzungu alisimama tu katikati ya chumba, mikono usoni, viatu vyake viko mlangoni. Mahona akanyakua mkeka mmoja, akamfunika kuanzia kichwani, akamkokota nje kama zulia lililokunjwa. Yeye mwenyewe hakuwa na kitu juu yake. Punda wa muuza maji, aliyefungwa kwenye nguzo ya baraza, hakupata mtu wa kumfungua. Alikufa kabla ya jioni.

Hakufa mtu, namshukuru Mungu. Lakini mji mzima ulikuja kutazama. Bwana Seif alikuwa amevimba mpaka macho hayaonekani, analetewa maji na vitunguu, na anapiga kelele, "Choma! Leteni mafuta ya taa, choma ukuta wote!"

Mahona akapiga goti mbele yake. Shingo yake ilikuwa imejaa miiba ya nyuki na hakuwa ameitoa hata mmoja.

"Bwana Seif, nakuomba. Nipe mpaka jua lizame tu. Nitawatoa kwa moshi, nitawahamishia mzinga wao, kisha nitauosha ukuta, nitaurudisha. Hawatarudi tena. Hii kazi naijua."

"Unaijua?" Bwana Seif akasema. "Unaijua sana, mzee wangu! Ule si ukuta, ule ni mzinga! Umenijengea mzinga, ukanikaribisha nikae ndani!"

Umati ukacheka. Walikuwepo mafundi wenzetu wa Ng'ambo, na wao walicheka, kwa sababu ilichekesha. Nadhani hata mimi midomo ilinicheza. Wanangu, kile kicheko ndicho kilichotumaliza. Nyuki walituuma siku moja.

Wakachoma. Walibomoa ukuta kwa kulabu ndefu, wakarundika magome uani pamoja na masega mapya meupe, wakamwagia mafuta. Kisha wakapanda darini. Mahona akawaambia hakuna nyuki darini, mninga umegusana na mninga hauna nafasi. Hawakumsikia. Bwana Seif hakutaka kiachwe kitu chochote kilichopitia mikononi mwetu. Moshi wa mninga na asali ulikwenda mpaka stesheni, na abiria walitoa vichwa madirishani wakiuliza ni nini kinachonukia vizuri namna ile.

Mzungu hakukasirika. Alimtuma mtu aje kumshukuru Mahona kwa kumtoa, na kusema kwamba kwa nyumba za reli wameona heri chokaa na mbao za kiwandani. Kama mngekuwa yeye mngesema nini? Mimi ningesema hivyo hivyo.

Baada ya hapo hatukupata kazi ya maana. Mtu alikuja kuuliza kiti, akakigeuza juu chini, akasema, "Fundi, hiki hakina nyuki?" Wenzake wakaanguka kwa kicheko, wakaondoka bila kununua. Watoto walipita uani wakivuma. Ramadhani alivumilia kwa mdomo wake, akiwajibu kila mmoja, mpaka siku moja aliishiwa majibu. Akaenda Dodoma, sikumwona tena. Karakana ilifungwa kabla ya mvua kwisha.

Kama mtakuja kuagizwa ukuta wa magome, fanyeni hivi. Magome ya mizinga yasitumike kabla ya kuchemshwa na maji ya majivu na kukwanguliwa mpaka yawe meupe. Yatapoteza ile rangi, lakini acheni ipotee. Nta ichanganyeni na kitu kikali, tapentaini au mafuta ya taa, hata mwenye nyumba akinuna. Matundu ya hewa yazibeni kwa wavu. Na chumba kisifungwe msimu wa maua. Nimeyafikiri haya miaka mingi, njiani na kwenye mabehewa, na nayajua sasa vizuri kabisa. Hakuna aliyeniuliza hata mmoja.

Mahona alirudi upande wa Usinge, lakini hakurudi kwao. Msitu wa baba yake ulikuwa umekwisha kuhamwa kwa amri ya serikali kwa ajili ya malale, ule ugonjwa wa usingizi, watu wamekusanywa kwenye vijiji vya mstari mmoja, na msituni mtu aliingia kwa ruhusa na kwa msimu. Nilimtembelea mara moja nikitoka Kigoma. Nilimkuta nje ya kibanda cha udongo kisicho na hata kizingiti cha mbao.

"Mwangaluka, mzee."

"Mwangaluka, darasa la kumi. Bado unazurura?"

Nilimletea patasi mpya. Aliitazama makali yake, akanirudishia. Nikamwambia watu wamesahau, kwamba tunaweza kuanza tena, hata kwa vitu vidogo, vilindo vya kuuzia abiria. Akatikisa kichwa.

"Nilikuwa na mizinga arobaini nikiwa kijana," akasema. "Nikiipaka nta, nikiiombea. Nusu haikuingia nyuki hata mara moja. Niliwaita maisha yangu yote wasije. Siku niliyowasahau kabisa, wakaja wote."

Akacheka kidogo, na kicheko kikageuka kikawa kitu kingine, na nikatazama pembeni mpaka kilipokwisha. Alikufa mwaka uliofuata. Waliomzika ni jirani, watu waliohamishwa kutoka kwingine, nao walimjua kama mzee mmoja anayeogopa kuketi karibu na maua.

Mimi niliendelea, kwa kuwa sikujua kitu kingine. Nilitengeneza madawati, masanduku ya tumbaku, majeneza. Kifua kikaanza. Mwishowe hata kupiga randa ubao mmoja kulinilaza siku mbili.

Mwaka jana kijana mmoja, karani wa stesheni, alikuja kunitafuta hapa Ng'ambo. Alikuwa anaoa, amepata nyumba ya vyumba viwili, na mchumba wake anataka sebule ya kupendeza. Alikuwa amenunua dukani bunda la karatasi za kubandika ukutani, zimetoka ng'ambo ya bahari. Akalikunjua juu ya meza yangu. Ilikuwa picha ya mbao. Mawimbi ya kahawia, dhahabu ndani yake, hata vifundo vya matawi vilichorwa, kifundo kile kile kikirudi kila baada ya hatua moja.

"Mwenye duka amesema ni mfano wa mninga, baba," akasema. "Haipasuki, haivimbi, mchwa hawaili. Lakini inataka mtu mwenye mkono ulionyooka, na wote wanasema ni wewe."

Nilitazama. Kazi ile haikuwa na vumbi hata chembe. Nilikubali.

Nilipima kuta zile kama nilivyofundishwa, nikapiga uzi wa timazi, nikakata kwa wembe. Nilizungusha kila karatasi ili mawimbi yakutane na mawimbi na vile vifundo visifuatane kwa mstari, ili jicho lisijue. Siku nzima sikukohoa. Nilipomaliza, bibi arusi aliingia na kanga zake mpya, akapita akipapasa ukuta kwa ncha za vidole, kutoka kona hadi kona.

"Jamani, baba," akasema, "kama mbao kweli! Si ndivyo mninga ulivyo?"

Nikamwambia ndivyo ulivyo. Nikafunga sanduku la zana, na sijalifungua tena.